Mama wa Aliyepiga Magoti

Hatua arobaini kutoka geti la kambi kuna duka la fundi cherehani, na fundi mwenyewe si mtu wa kujificha. Ukiingia unamkuta nyuma ya cherehani yake nyeusi, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, utepe wa kupimia shingoni, na kabla hujafungua mdomo ameshajua umekuja na nini. "Zipu," atakuambia. Au atakutazama kiunoni aseme, "Usinidanganye, nguo haisinyai yenyewe." Miaka ishirini na sita amewashonea askari: anapunguza, anaongeza, anabandika vyeo, anaziba matundu. Anayempandisha askari cheo ni kamanda, lakini cheo hakikai begani mpaka kipite kwenye sindano yake, na hilo hulisema kweupe bila haya.

Na mshono wake hauachii. Kuna sajenti mmoja aliwahi kunasa kwenye seng'enge akiwa mazoezini, akaning'inia kwa mfuko wa nyuma mpaka wenzake wakaja kumnasua. Seng'enge ilipinda, mfuko ulibaki mzima. Fundi akikusimulia kisa hicho utadhani kambi yote kaijenga yeye.

Jina lake mtaani ni Mama Mashoto. Mashoto ndiye mwanawe wa pekee, na jina hilo alilipata shuleni kwa sababu mkono wa kulia kwake ni pambo tu. Anaandika kwa kushoto, anapiga msumari kwa kushoto, hata salamu ya kijeshi iliwachosha walimu wake wiki tatu nzima. Sasa ni mwezi wa saba yuko ng'ambo na kikosi cha kulinda amani, katika nchi ambayo mama yake aliijua kwa kuisikia redioni. Mama alijivuna. Alijivuna mpaka mumewe, fundi bomba, mtu wa maneno ya kuhesabika, akawa anamkanyaga mguu kila wageni wakija.

Sasa kuna jambo la suruali, na lazima nilieleze hapa, la sivyo hamtanielewa. Suruali za jeshi letu zina mfuko mdogo kwenye paja la kulia, wa kuwekea bendeji. Kijana alipopata safari, mama akaishika ile suruali akaitazama kwa dharau. "Wewe ni wa kushoto. Siku ukihitaji bendeji utaanza kujizungusha kama mbwa anayetafuta mkia wake?" Akaung'oa mfuko, akauhamishia paja la kushoto. Kanuni hazikuruhusu, lakini nani anakagua mapaja ya watu? Tatizo likawa uzi. Wa kijani ulikuwa umeisha, na gari lilikuwa linaondoka asubuhi. Kwa mteja asingethubutu, angemwambia arudi kesho. Kwa mwanawe akatia uzi wa kahawia, akapiga msalaba mnene kwenye kila pembe ya mfuko, akasema, "Ukirudi nitaurekebisha." Uzi ule ulimkera miezi yote saba. Kila akiona kijani kwenye rafu, roho inamuuma.

Basi, dukani kuna benchi la kusubiria, na benchi hilo ndilo makao makuu ya vita vyote vya dunia. Mwenyekiti wake ni Koplo, mstaafu mwenye goti bovu, ambaye huja asubuhi na simu yake yenye kioo kilichopasuka na kuwasomea watu habari. Nani kampiga nani, nani kamtishia nani, meli gani imeelekea wapi. Habari zenyewe huwa na mistari mitano. Maoni ya watu chini yake ndiyo hayana mwisho, na ndiyo wenye benchi wanayoyataka. Humo kila mtu ni jenerali. Mtu hajawahi kulala nje hata siku moja, lakini anapanga wapi vifaru vipite na wapi daraja livunjwe. Mama Mashoto aliwaita majenerali wa bando, kwa sababu likiisha bando vita vinasimama hapo hapo mpaka jioni.

Jumanne, kwenye saa tatu asubuhi, Koplo alifika akiwa kimya. Hilo peke yake lilitosha kumshtua mtu. Aliyekuwa na maneno ni Nesi wa zahanati ya jirani, aliyeleta sare yake ibanwe kiunoni.

"Mama Mashoto, umeiona picha?" aliuliza, simu iko mkononi tayari. "Imeenda dunia nzima. Tumeaibika, jamani, tumeaibika!"

Ilikuwa hivi. Siku mbili kabla, kundi lenye silaha lilikuwa limeiteka barabara kuu katika ile nchi, na askari wetu waliokuwa kwenye kizuizi wakatenganishwa na wenzao. Sasa imetoka picha. Askari mwenye sare yetu amepiga magoti kwenye vumbi, kofia ya chuma imemfunika uso, mikono ameinyoosha mbele, na ukingo wa picha umeikata hapo. Nyuma yake wamesimama watu wenye bunduki, mmoja anavuta sigara bila wasiwasi. Maneno ya juu yalikuwa mafupi: "Mlinda amani aomba amani."

Mama Mashoto aliichukua simu, akasogeza miwani juu ya pua. Uso haukuonekana, jina halikuonekana. Yeye wala hakutafuta uso. Macho yake yalishuka yenyewe, kama yanavyoshuka kwa kila mteja, yakaenda kwenye nguo. Paja la kushoto. Mfuko. Uzi wa kahawia. Msalaba kwenye pembe.

 Alirudisha simu polepole asije akaiangusha.

"Watu wamechafukwa," Nesi aliendelea, hana habari. "Sikiliza hii: 'Jeshi la kuuza sura.' Na huyu je? 'Tungempeleka mjomba wangu mlevi, angalau yeye huanguka chali.'" Akacheka mpaka akajishika ubavu. Si mwanamke mbaya, Nesi. Amewahi kukesha na wagonjwa wasio wake. Lakini kicheko cha simuni kina namna yake ya kumpitia mtu. "Wengine wamemkata wakambandika anamvisha bibi harusi pete. Tazama! Na hapa anamwomba bosi likizo."

"Nesi, acha," alisema Koplo.

"Kwani nimesema uongo? Angekuwa Mashoto wetu yule, angepiga magoti? Mashoto angekufa amesimama. Si ndiyo, mama?"

Na hapo Mama Mashoto, mwanamke aliyewahi kumfukuza meja dukani kwa kuweka kiatu juu ya meza ya kukatia, alisema, "Ndiyo." Neno moja tu. Kisha akainamia cherehani akaibana sare ya Nesi kiunoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita mshono ukaenda upogo.

Adhuhuri alifunga duka akaenda nyumbani. Mumewe alikuwa jikoni, amelala chali chini ya sinki, miguu nje. Alijikokota akatoka mkewe alipoingia, akasema kabla hajaulizwa, "Wamepiga simu kutoka kikosini. Wote wazima. Mawasiliano yatarudi wiki hii. Wamesema tusiandike chochote mtandaoni, hata neno."

Mama Mashoto alikaa kwenye kiti akalia kwa furaha, na kabla machozi ya furaha hayajakauka yakaanza mengine. Akamweleza. Mfuko, uzi, picha, bosi na bibi harusi.

Fundi bomba alifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. "Una hakika?"

"Unaniuliza mimi kama nina hakika na mshono wangu?"

"Basi tunyamaze. Yu mzima, hilo ndilo kubwa. Hakuna anayemjua ni nani. Kesho watapata kingine cha kuchekea."

"Kuna mmoja kaandika, 'Mama yake popote alipo ajifiche.'" Alijifuta macho. "Na mimi nimejificha, baba Mashoto. Nimekaa kwenye kiti changu, dukani kwangu, nikajificha. Nimemkana."

"Hukumkana. Ulinyamaza."

"Sikunyamaza. Nilisema ndiyo."

Mume alikitupa kitambaa begani. Alirudi chini ya sinki, lakini hakugusa spana. Mkewe aliona miguu yake imetulia tu pale sakafuni, akajua na yeye anaumia.

Alirudi dukani saa nane. Sasa mnapaswa kujua kwamba duka lile lina shuka. Ni shuka moja ya buluu, safi, imepigwa pasi, inakaa kwenye msumari nyuma ya pazia, kwa ajili ya wateja wanaokuja na suruali iliyowaharibikia mwilini. Unaivua suruali, unajifunga shuka, unakaa kwenye benchi na heshima zako mpaka fundi amalize. Hata maafisa wamewahi kuivaa. Mchana ule aliyekuwa ndani ya shuka alikuwa Dereva wa teksi, jamaa mcheshi, bonge la mtu, ambaye suruali ilimpasukia nyuma wakati anabeba sanduku la abiria. Koplo alikuwa mahali pake. Nesi naye alirudi kuchukua sare.

Dereva ndiye aliyekuwa na simu. Alikuwa anasoma na kutia chumvi, na alikuwa anaandika pia. "Ngoja nimwage la kwangu," alisema, vidole vinakimbia. "'Magoti hayo... yangefaa... kusugua sakafu.' Tuma! Ee bwana, dakika haijaisha, watu kumi na moja wameshalipenda!"

Cherehani ilisimama.

"Dereva," alisema Mama Mashoto, "nisomee tena."

Akasoma, kwa madaha zaidi, akidhani kapata shabiki mwingine.

Mama Mashoto aliinuka. Mkononi ameishika suruali ya Dereva, upande wa nyuma umetazama watu, tundu lake wazi kabisa. "Wewe," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, jambo lililowatisha wote. "Wewe umekaa hapa huna suruali. Suruali yako hii hapa, ninayo mimi. Ulishindwa na sanduku la nguo za mtu, sanduku! Na ndiye unayemfundisha mwanangu namna ya kusimama mbele ya bunduki?"

"Mwanao? Mama Mashoto, mimi simsemi Mashoto. Namsema huyu wa kwenye..."

"Huyo ndiye Mashoto."

 Nesi alifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Ndiyo. Huyo. Asubuhi Nesi kaniambia Mashoto angekufa amesimama, nami nikaitikia, Mungu anisamehe. Sasa nasema mbele yenu: mimi sikumzaa ili afe amesimama. Huyo aliyepiga magoti ni mwanangu. Mfuko ule nimeushona mimi kwa mikono hii, uzi wa kahawia kwa sababu wa kijani uliniishia, na kama kuna anayetaka kucheka, acheke na uzi wangu kwanza. Kapiga magoti, ni wangu. Angelala kifudifudi, ni wangu. Kama aliomba, basi aliomba, na walimsikiliza, na yu hai, na mimi ni mama yake. Haya! Nani ana neno?"

 Dereva alikuwa ameishika shuka kwa mikono yote miwili, mtu mzima yule, anatafuta pa kuweka macho. "Mama, nisamehe," alisema. "Nafuta. Tazama, nafuta sasa hivi." Na kweli alifuta, japo kwa haraka alifungua kwanza picha za watoto wake.

Nesi alimjia akamkumbatia, anatokwa na machozi. Koplo ndiye aliyenyanyuka kwenye benchi, goti likalia, akaishika kofia yake kifuani.

"Mimi nimepiga magoti mara mbili katika utumishi wangu," alisema. "Mara mbili, na bunduki hapa kichwani. Sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Ndiyo sababu nipo hai hapa nawasomea habari." Kisha akaomba simu ya Dereva, maana kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka, akaivuta ile picha ikawa kubwa. Aliitazama muda mrefu. "Mama Mashoto, mfuko huu uko wazi. Umeona? Kifuniko kimeinuliwa. Mtu anayejisalimisha anafungua mfuko wa bendeji ili iweje?"

Mama Mashoto alitazama. Kweli kifuniko kilikuwa juu. Asubuhi aliona uzi tu, hakuona kingine. Moyo ulimruka, akaukamata.

"Usinifariji, Koplo," alisema. "Sihitaji sababu. Nimeshasema ni wangu." Akaketi, akaliziba tundu la suruali ya Dereva kwa mshono maradufu, ulionyooka kama rula, akamrushia.

Siku ya pili haikuwa na jipya isipokuwa kwamba mtaa mzima ulishajua. Wengine walipita dukani wakapunguza sauti. Mama mmoja aliyeleta mapazia akageuza njia, na mke wa afisa mmoja akatuma mtu kuchukua nguo zake ambazo hazijaisha. Mama Mashoto alikaa mlangoni, kiti kimetazama barabara, akashona hapo hapo kwenye jua ili kila apitaye amwone. Jioni mumewe alikuja na kiti chake akakaa pembeni yake, na wateja watatu wakamsikia fundi bomba akijisemea mwenyewe, bila kuulizwa, "Mimi ndiye baba."

Alhamisi picha nzima ikatoka. Mpiga picha, mgeni wa nchi nyingine kabisa, alikasirika kuona kazi yake imekatwa, akaiachia yote. Pale mikono ya Mashoto ilipokuwa imekatwa na ukingo, sasa palionekana mtu amelala chini: dereva wa lori, raia wa kule kule, paja limeloa damu. Mikono ya Mashoto ilikuwa inalifunga kwa bendeji, wa kushoto juu, wa kulia unasaidia kidogo tu kama kawaida yake. Wale wenye bunduki walikuwa wamemwachia afanye. Mpiga picha aliandika kwamba askari aliiweka bunduki yake chini na kumwendea majeruhi mbele ya macho yao, na kwamba dereva wa lori amepona.

Ohoo! Hapo ndipo mngewaona majenerali. Wale wale, kwa vidole vile vile! "Shujaa wetu." "Huyu ndiye mwanajeshi." "Mama yake popote alipo, Mungu ambariki." Aliyemtaka mama ajifiche sasa alikuwa anauliza anwani yake amtumie maua. Yule mke wa afisa alizirudisha nguo mwenyewe, na nyongeza ya magauni mawili. Dereva alifika mbio anataka kupiga naye picha aiweke mtandaoni.

"Sipigi," alisema Mama Mashoto.

"Lakini, mama, leo ni siku ya kujivuna!"

"Yangu ilikuwa Jumanne," alimjibu. "Nyie ndio mmechelewa." Hata hivyo usimwone hivyo, alipokuwa peke yake nyuma ya pazia aliitazama ile picha nzima mpaka macho yakamuuma. Aliutazama ule mkono wa kushoto juu ya bendeji, akacheka, akalia, akajipiga kifuani kwa ngumi, akasema kwa sauti, "Mwanangu mimi!" Benchi zima likasikia.

Ijumaa asubuhi, kabla hajafungua duka, simu ililia. Mumewe alikuwa mlangoni na mfuko wake wa vifaa, akasimama papo hapo.

"Mama."

"Naam, baba."

"Mko wazima?"

"Wazima kabisa. Wewe?"

"Mzima. Nina njaa tu." Akacheka kidogo. Mtandao ulikwaruza. "Mama, mmeona picha?"

"Tumeiona."

"Ipi?"

Mama Mashoto hakumwelewa mara moja. "Ipi vipi?"

"Ya jana, au ile ya kwanza?"

"Ile ya kwanza," alisema. "Niliiona Jumanne, saa tatu asubuhi."

Kule upande wa pili alisikia mwanawe anavuta pumzi. "Watu walisemaje?"

"Watu walicheka."

"Na wewe?"

"Asubuhi nilikukana, baba. Nisamehe. Mchana nikawaambia wote kwamba ni wewe."

"Kabla hamjajua habari za yule dereva wa lori?"

"Kabla."

 Askari wa nchi, mtu mzima mwenye bunduki begani, alianza kulia kama alivyokuwa akilia zamani, kwa kwikwi, na mama yake hakumwambia anyamaze. Alisimama katikati ya chumba, simu sikioni, kifua mbele, akamsikiliza mpaka mtandao ukakatika.